Lugha ya Maswali ya Takwimu katika Mitihani ya Hisabati: Mifano kutoka Bukoba na Muleba

Ikisiri

Makala hii inajadili lugha inayotumika katika maswali ya hisabati yanayomtaka mtahiniwa asome jedwali, grafu au mchoro na kutoa jibu. Hoja inayotetewa ni kwamba swali la takwimu ni matini yenye sarufi, istilahi na mantiki yake, na kwamba sehemu ya makosa yanayohesabiwa kuwa ya hisabati hutokana na kutofahamika kwa matini hiyo. Mifano imejengwa juu ya mazingira ya Bukoba na Muleba, mkoani Kagera, ambako wanafunzi wengi hukutana na Kiswahili cha darasani wakiwa tayari na Kihaya kama lugha ya kwanza. Tarakimu za sensa za mwaka 2002 na 2012 zimetumika kuonyesha tofauti kati ya kusoma mchoro na kufasiri data.

1.0 Utangulizi

Kuanzia mwaka 1967, kufuatia Azimio la Arusha na falsafa ya Elimu ya Kujitegemea, Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia masomo yote katika shule za msingi za umma nchini Tanzania. Uamuzi huo uliifanya hisabati iwe mojawapo ya taaluma za mwanzo kabisa kuandikiwa vitabu, kufundishwa na kutahiniwa kwa Kiswahili kwa nchi nzima. Hata hivyo, mjadala wa wanaisimu kuhusu lugha ya kufundishia umeelekezwa zaidi kwenye sekondari na vyuo. Mlama na Matteru (1978) walitetea haja ya kutumia Kiswahili katika elimu ya juu. Tume ya Rais ya Elimu ya mwaka 1982 ilipendekeza Kiswahili kianze kutumika kidato cha kwanza mwaka 1985. Nao Criper na Dodd (1984) walionyesha kwamba Kiingereza cha wanafunzi hakikutosha kubeba masomo. Katika mjadala huo wote imechukuliwa kwamba katika shule ya msingi suala la lugha limekwisha kupata ufumbuzi.

Dhana hiyo inahitaji kuangaliwa upya. Kuwa na lugha inayoeleweka na wengi ni jambo moja, na kuwa na rejista ya kitaaluma iliyo wazi kwa mtoto wa miaka kumi na mitatu ni jambo jingine. Mada ya takwimu inafaa kwa uchunguzi huu kwa sababu ndiyo mada ya hisabati inayotegemea lugha kuliko nyingi nyingine. Katika swali la kugawanya au kuzidisha, alama za hisabati hubeba takriban ujumbe wote. Katika swali la takwimu hakuna alama inayomwambia mtahiniwa ajumlishe, atoe au agawanye. Anaambiwa hivyo na maneno kama "zaidi ya", "kati ya", "kwa wastani" na "jumla". Asipoyaelewa maneno hayo, ustadi wake wa kukokotoa haumfai kitu.

Lengo la makala hii ni kubainisha vyanzo vitatu vya ugumu huo, yaani istilahi, sarufi na mantiki ya data, na kupendekeza hatua kwa watungaji wa mitihani, walimu na wanaleksikografia. Isipokuwa tarakimu za sensa, maswali yote ya mfano yametungwa kwa ajili ya uchambuzi, kwa kufuata muundo uliozoeleka katika shule za msingi. Hayakunakiliwa kutoka mtihani wowote.

2.0 Mazingira ya lugha Bukoba na Muleba

Bukoba na Muleba ziko magharibi mwa Ziwa Victoria, katika mkoa uliojulikana kama Ziwa Magharibi kabla ya kuitwa Kagera mwaka 1979. Lugha kuu ya wenyeji ni Kihaya, chenye lahaja kadhaa zinazolingana kwa kiasi kikubwa na maeneo ya tawala za jadi kama vile Kiziba, Kihanja na Ihangiro. Ni eneo lenye historia ndefu ya shule, na Kiswahili kimeenea sokoni, makanisani, misikitini na ofisini. Hata hivyo, katika vijiji vingi mazungumzo ya nyumbani, hesabu za mikungu ya ndizi na mapatano ya bei ya kahawa bado hufanyika kwa Kihaya.

Kwa hiyo, safari ya kielimu ya mtoto wa eneo hili hupitia lugha tatu. Anajifunza kuhesabu na kulinganisha kwa Kihaya. Anafundishwa na kutahiniwa takwimu kwa Kiswahili katika shule ya msingi. Kisha, katika sekondari nyingi, mada hiyohiyo humrudia kwa Kiingereza. Mtihani wa Kumaliza Elimu ya Msingi, unaosimamiwa na Baraza la Mitihani la Tanzania lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1973, kwa miaka mingi ndio ulioamua nani aendelee na masomo ya sekondari ya serikali na nani abaki. Alama moja iliyopotea kwa sababu ya neno "hadi" kusomwa kama "kwa" si jambo dogo katika mazingira ya namna hiyo.

3.0 Istilahi za takwimu

3.1 Asili ya istilahi

Istilahi nyingi za mada hii zina asili ya Kiarabu, ingawa maana zake katika Kiswahili zimekwenda njia yake. Neno takwimu linatokana na neno ambalo katika Kiarabu hutumika zaidi kwa maana ya kalenda. Kiswahili kimelipa maana ya data za kitarakimu na taaluma inayozishughulikia. Jedwali linatokana na neno lenye maana ya orodha iliyopangwa kwa safu, na pia mfereji mdogo wa maji. Grafu na chati zimeingia kutoka Kiingereza, na duara, nguzo na mhimili ni maneno ya kawaida yaliyopewa kazi mpya. Mchanganyiko huu si kasoro yenyewe, kwani lugha zote hujenga istilahi hivyo. Tatizo hujitokeza pale neno moja linapobeba dhana mbili, au dhana moja inapobebwa na maneno mengi katika mada hiyohiyo.

3.2 Neno moja, dhana nyingi

Mfano ulio wazi ni wastani. Kiasili neno hili lina maana ya kitu kilicho katikati. Katika mazungumzo ya kawaida, mtu wa kimo cha wastani si mrefu wala si mfupi. Katika taarifa ya maendeleo ya mwanafunzi, "wastani" hutumika kama tathmini iliyo kati ya "vizuri" na "dhaifu". Katika hisabati, wastani ni jumla ya thamani zote ikigawanywa kwa idadi yake. Chunguza mfano ufuatao:

(1) Wanafunzi watano walipata alama 10, 10, 20, 40 na 70. Wastani wa alama zao ni upi?

Jibu linalotarajiwa ni 30, yaani 150 kugawanywa kwa 5. Mwanafunzi anayejibu 20 amechagua alama iliyo katikati ya orodha. Kwa maneno mengine, ametoa mediani. Kihesabu amekosa, lakini kilugha ametumia maana halisi na ya kale ya neno wastani. Anayejibu 10 ametoa modi, na huenda aliongozwa na matumizi ya mitaani ambamo "wastani" humaanisha hali ya kawaida inayowapata wengi. Majibu haya mawili hayafai kuwekwa kundi moja na jibu la 150, ambalo ni la mwanafunzi aliyejua njia lakini akasahau kugawanya. Msahihishaji anayetia alama ya mkosa kwa yote matatu anapoteza habari muhimu kuhusu chanzo cha kosa.

Neno mhimili nalo lina utata. Katika mada ya grafu, mihimili ni mistari miwili inayokutana, mmoja wa wima na mwingine wa ulalo. Wakati huohuo, mchoro unaoonyesha idadi kwa mistatili huitwa na baadhi ya watumiaji "grafu ya mihimili". Agizo kama "soma urefu wa mhimili" linaweza basi kumpeleka mwanafunzi kwenye mstari wa pembeni badala ya mstatili anaotakiwa kuupima.

3.3 Dhana moja, maneno mengi

Mchoro huohuo wa mistatili huitwa pia grafu ya nguzo na grafu pau. Mchoro wa duara huitwa grafu ya duara, grafu kwa duara, chati duara na chati ya pai. Kipimo cha pembe ni nyuzi kwa wengine na digrii kwa wengine. Mwalimu mzoefu haoni tatizo. Mwanafunzi aliyefundishwa kwa kitabu kimoja na kutahiniwa kwa istilahi za kitabu kingine hulazimika kwanza kutambua kwamba ni kitu kilekile, na muda wa mtihani haumsubiri.

4.0 Sarufi ya swali la takwimu

4.1 Viunganishi na vihusishi vya kiasi

Katika Kiswahili, maana ya badiliko la idadi hubebwa mara nyingi na neno moja fupi. Linganisha:

(2a) Watu wa Muleba waliongezeka kwa 153,982.
(2b) Watu wa Muleba waliongezeka hadi 540,310.

Sentensi zote mbili ni za kweli kwa mujibu wa sensa za 2002 na 2012. Ya kwanza inataja tofauti na ya pili inataja kikomo. Kitenzi ni kilekile na muundo ni uleule. Kinachotofautisha operesheni ya hisabati ni "kwa" na "hadi" tu. Aidha, "kwa" ina kazi nyingine nyingi katika Kiswahili, zikiwemo za ala, namna, sababu na uwiano. Katika "watu 5 kwa nyumba" ni uwiano, katika "5 kwa 4" ni kuzidisha, na katika "gawanya kwa 4" ni kugawanya. Kwa hiyo mwanafunzi hana budi kusoma sentensi nzima ndipo aijue "kwa" iliyopo.

Tamko "kati ya" lina utata wa namna hiyo. "Kati ya Aprili na Julai" hutaja kipindi. "Wanafunzi 12 kati ya 40" hutaja sehemu ya kundi. "Tofauti kati ya 12 na 40" hudai kutoa. Mwanafunzi anayekumbuka kanuni kwamba "kati ya" humaanisha sehemu ataandika 12/40 mahali panapohitaji 28.

Tamko "mara mbili zaidi ya" linastahili tahadhari ya pekee. Ikiwa Kijiji A kilivuna magunia 30, na Kijiji B kilivuna "mara mbili zaidi ya" Kijiji A, je, B kilivuna 60 au 90? Matumizi ya wengi ni 60, lakini tafsiri ya neno kwa neno, yaani mara mbili juu ya kiasi cha mwanzo, hutoa 90. Swali la mtihani halina budi kuandika "mara mbili ya" pale 60 inapokusudiwa.

4.2 Ulinganisho na athari ya lugha ya kwanza

Kihaya, kama lugha nyingi za Kibantu za eneo la maziwa makuu, huonyesha ulinganisho kwa kutumia kitenzi chenye maana ya kuzidi au kushinda, yaani okukila. Kiswahili kina njia hiyo pia, kama katika "kahawa imeizidi chai", lakini lugha ya mitihani hupendelea "kuliko" na "zaidi ya". Kwa msemaji wa Kihaya, swali lenye kitenzi "kuzidi" lina sura anayoifahamu: kiima ndicho kikubwa, na yambwa ndiyo ndogo. Swali lenye "kuliko" mwishoni humlazimu akumbuke kilichotajwa mwanzoni kabla ya kuamua kitolewe nini kutoka kwa nini.

Njeo ni eneo jingine. Kihaya hutofautisha wakati uliopita wa leo, wa jana na wa kabla ya jana kwa viambishi tofauti, na kiambishi -ka- ndicho cha wakati uliopita wa mbali. Katika Kiswahili -li- hubeba vipindi vyote hivyo, na -ka- huonyesha tukio linalofuata jingine. Chukua maelezo ya grafu ya mstari kama haya:

(3) Mvua ilifikia milimita 380 mwezi Aprili, ikashuka mwezi Mei, ikawa milimita 60 mwezi Julai.

Tarakimu hizi ni za mfano, ingawa umbo lake linafanana na hali halisi ya Bukoba, ambako mvua ya mwaka hukaribia milimita 2,000 na kilele chake huwa Aprili. Kwa mzoefu wa Kiswahili, -ka- katika "ikashuka" inamwongoza kulia kwenye grafu, kutoka nukta moja hadi inayofuata. Inawezekana kwamba kwa msemaji mchanga wa Kihaya kiambishi hicho kinavuta fikra kwenye wakati wa mbali zaidi, yaani upande wa kushoto. Hii ni dhana inayohitaji kupimwa kwa utafiti wa darasani, lakini misingi yake ya kiisimu iko wazi.

4.3 Upatanisho wa kisarifi kama msaada

Si kila sifa ya Kiswahili inaongeza ugumu. Mfumo wa ngeli humpa mtahiniwa msaada ambao Kiingereza hakina. Katika "wangapi", "mangapi" na "mingapi", kiambishi hutaja aina ya kitu kinachotakiwa katika jibu. Tuseme grafu ya picha ina maelezo kwamba picha moja ya gunia inawakilisha magunia 50 ya kahawa, na kijiji kimoja kimechorewa picha 7. Swali "Picha ngapi zimechorwa?" lina jibu la 7, swali "Magunia mangapi yalivunwa?" lina jibu la 350. Hata jina likiondolewa, "yalivunwa mangapi" haliwezi kuwa picha, kwani upatanisho unakataa.

Walimu wanaweza kuufundisha upatanisho huu kama mbinu ya hisabati: kabla ya kukokotoa, mwanafunzi atafute kiulizi, atazame kiambishi chake, na ajiulize ni nomino ipi katika mchoro inayopatana nacho. Hatua hiyo humkinga na kosa lililozoeleka la kuandika idadi ya picha badala ya idadi ya vitu.

5.0 Mantiki ya data na ulimwengu wa mwanafunzi

5.1 Duara na kibanja

Swali lifuatalo lina umbo lililozoeleka sana:

(4) Grafu ya duara inaonyesha matumizi ya shamba la hekta 36. Migomba nyuzi 150, kahawa nyuzi 90, maharage nyuzi 80, miti nyuzi 40. Eneo la migomba linazidi la kahawa kwa hekta ngapi?

Nyuzi zote zinajumlisha 360, hivyo kila uzi mmoja ni sawa na hekta 0.1. Migomba ina hekta 15, kahawa hekta 9, na jibu ni hekta 6. Kosa la kwanza linalotarajiwa ni kuandika 60, yaani kutoa nyuzi bila kuzigeuza kuwa hekta. Hapo tena kiulizi "hekta ngapi" ndicho kinachodai ubadilishaji.

Hata hivyo, swali hili lina ugumu mwingine ambao hauonekani kwenye karatasi. Grafu ya duara hudai kwamba sehemu zake zisiingiliane: kila hekta iwe ya zao moja tu. Kibanja cha Wahaya hakiko hivyo. Migomba na mibuni hukua pamoja, na maharage hupandwa chini yake katika ardhi hiyohiyo. Mtoto wa Muleba akiulizwa ni sehemu gani ya kibanja chao imepandwa kahawa, anaweza kujibu kwa haki kwamba ni karibu yote, na migomba karibu yote vilevile. Maneno "shamba limegawanywa" yanamtaka asahau anachokifahamu na kukubali ulimwengu wa mchoro. Mwanafunzi wa eneo la mashamba ya zao moja hadaiwi sadaka hiyo. Mtungaji wa swali angeweza kuepuka tatizo hili kwa kutumia kitu kinachogawanyika kweli, kama vile fedha za mauzo ya kahawa zilizotumika kwa ada, chakula na matibabu.

5.2 Jedwali la sensa na mipaka ya wilaya

Mfano wa pili unatokana na data halisi. Jedwali lifuatalo linaonyesha idadi ya watu kwa mujibu wa sensa mbili:

Wilaya: 2002, 2012
Bukoba Vijijini: 395,130; 289,697
Bukoba Mjini: 81,221; 128,796
Muleba: 386,328; 540,310
Missenyi: (haikuwapo), 202,632

Swali la mtihani linaweza kuwa hili:

(5) Kwa mujibu wa jedwali, ni wilaya ipi ambayo idadi ya watu wake ilipungua kati ya 2002 na 2012, na ilipungua kwa asilimia ngapi?

Jibu la kimchoro ni Bukoba Vijijini, iliyopungua kwa watu 105,433, sawa na asilimia 26.7. Hesabu hiyo ni sahihi. Hata hivyo, mtu yeyote wa Bukoba anajua kwamba watu hawakuhama wala hawakufa kwa kiwango hicho. Kati ya sensa hizo mbili, Wilaya ya Missenyi ilimegwa kutoka Bukoba Vijijini. Ukijumlisha wilaya hizo mbili kwa mwaka 2012 unapata watu 492,329, ambao wanaizidi idadi ya 2002 kwa 97,199, yaani asilimia 24.6. Jina "Bukoba Vijijini" limebaki, lakini eneo linalotajwa na jina hilo si lilelile. Suala hilo linahusu mkoa mzima pia: mwaka 2002 Kagera ilikuwa na watu 2,033,888 na mwaka 2012 watu 2,458,023, lakini mwaka huohuo wa 2012 sehemu ya Chato ilikuwa imehamishiwa katika Mkoa mpya wa Geita.

Mfano huu unaonyesha tofauti kati ya vitendo viwili ambavyo Kiswahili cha darasani huviita kwa jina moja la "kusoma takwimu". Kitendo cha kwanza ni kusoma mchoro: kutafuta safu, kutoa na kugawanya. Cha pili ni kufasiri data: kuuliza kila tarakimu inahusu nini, nani alihesabiwa, wapi na lini. Swali la (5) linapima cha kwanza tu. Mwanafunzi anayeandika kwamba hakuna wilaya iliyopungua ila iliyogawanywa, anafanya kitendo cha pili, ambacho ndicho kigumu zaidi, na anakosa alama.

Hapa ndipo tamko "kwa mujibu wa jedwali" linapopata uzito wake. Kipragmatiki, tamko hilo ni agizo la kufunga ulimwengu: mtahiniwa asitumie maarifa yaliyo nje ya karatasi. Ni agizo la haki, kwani mtihani hauwezi kupima yasiyo na mipaka. Lakini nguvu ya agizo hilo haifundishwi. Kwa mwanafunzi asiyeizoea rejista hii, "kwa mujibu wa" ni pambo la mwanzo wa sentensi lisilobadilisha chochote.

6.0 Je, tatizo ni la lugha au la hisabati?

Inaweza kudaiwa kwamba uchambuzi huu unaitwisha lugha mzigo usio wake, na kwamba mwanafunzi anayeshindwa kugeuza nyuzi kuwa hekta angeshindwa kwa lugha yoyote. Dai hili lina ukweli. Dhana ya uwiano ni ngumu yenyewe, na ufundishaji usio na vifaa huifanya ngumu zaidi. Wala haifai kudhani kwamba kurejea Kihaya darasani kungeondoa ugumu huo, kwani Kihaya nacho hakijajengewa istilahi za grafu.

Njia ya kuamua ni ya kiutafiti. Swali moja la takwimu linaweza kuandikwa kwa namna tatu zenye hesabu ileile: kwanza kama ukokotoaji mtupu, kwa mfano 9 kutolewa katika 15, pili kama swali lenye mchoro na Kiswahili cha kawaida, na tatu kwa Kiswahili cha mtihani chenye "kwa mujibu wa", "kati ya" na "zaidi ya". Namna hizo zikigawiwa kwa makundi yanayolingana katika shule za Bukoba mjini na za vijijini Muleba, tofauti kati ya namna ya kwanza na ya pili itaonyesha ugumu wa mchoro, na tofauti kati ya ya pili na ya tatu itaonyesha ugumu wa rejista. Ulinganisho wa mji na kijiji nao utaonyesha mchango wa lugha ya nyumbani. Hadi hapo itakapofanywa kazi ya aina hiyo, kila upande wa mjadala utabaki ukibishana kwa imani.

7.0 Mapendekezo

Kutokana na uchambuzi uliotangulia, hatua zifuatazo zinapendekezwa.

Kwanza, istilahi za mada ya takwimu zihakikiwe kwa pamoja na vyombo vya lugha, yaani BAKITA na TATAKI, wakishirikiana na walimu wa hisabati, ili kila aina ya mchoro iwe na jina moja katika vitabu na mitihani, na neno mhimili libaki kwa mstari wa rejea tu.

Pili, watungaji wa mitihani wapitie vihusishi kama wanavyopitia tarakimu. Pale "kwa" na "hadi" zinapoweza kuchanganywa, sentensi iongezewe nomino inayofafanua, kwa mfano "iliongezeka kwa kiasi cha" au "iliongezeka mpaka kufikia". "Mara mbili zaidi ya" isitumike kabisa.

Tatu, usahihishaji wa mazoezi ya darasani utenganishe kosa la maana na kosa la ukokotoaji. Jibu la 20 katika mfano wa (1) lihesabiwe kuwa dalili ya neno lisiloeleweka, na litibiwe kwa somo la maana.

Nne, walimu watumie data za mahali pao kufundisha kusoma na kufasiri kwa pamoja. Jedwali la sensa la Bukoba na Missenyi linatosha kwa vipindi viwili: kimoja cha kukokotoa asilimia, na kingine cha kujadili kwa nini asilimia hiyo ingempotosha mtu anayepanga idadi ya madarasa au zahanati.

8.0 Hitimisho

Makala hii imejaribu kuonyesha kwamba swali la takwimu ni matini ya Kiswahili kabla ya kuwa tatizo la hisabati. Istilahi zenye maana nyingi, vihusishi vifupi vyenye kazi kubwa, na michoro inayodai ulimwengu usiofanana na kibanja cha mwanafunzi, vyote huingia kati ya mtoto na tarakimu. Wakati huohuo, mfumo wa ngeli na upatanisho unatoa nyenzo ambazo bado hazijatumiwa vya kutosha darasani. Wanaisimu wa Kiswahili wametumia juhudi kubwa kutetea lugha hii ipande ngazi hadi sekondari na chuo kikuu. Utetezi huo utakuwa na nguvu zaidi iwapo utaanza kwa kuichunguza lugha ya hisabati pale ambapo Kiswahili kimekuwa kikitawala tangu 1967, yaani kwenye karatasi ya mtihani wa mtoto wa shule ya msingi.